Sura ya Tano: Kuoza Kuna Mahali Pake

Mfuko ukiandikwa kwamba umetengenezwa kwa muhogo au mahindi, ukitupwa utaoza? Swali hili limezidi kuulizwa Afrika Mashariki tangu sheria zilipoanza kuibana mifuko ya plastiki: Zanzibar mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwenye duka anauliza kwa sababu anatafuta vifungashio visivyomgombanisha na wakaguzi. Mama lishe anauliza kwa sababu ameletewa vikombe vinavyosifiwa kuwa ni vya mimea, na bei yake iko juu. Mnunuzi naye anauliza kwa sababu angependa kubeba mzigo wake bila kusutwa na nafsi. Wote hutaka jibu la ndiyo au hapana, na wote hununa kidogo wakiambiwa "inategemea".

Sura hii inalitetea jibu hilo la "inategemea", ila inataka kuonyesha waziwazi linategemea nini. Hoja yenyewe ni moja. Tumezoea kudhani kwamba kuoza ni tabia ambayo kitu huzaliwa nayo na kutembea nayo popote kiendapo, kama rangi au uzito. Ukweli ni kwamba kuoza ni kazi inayofanywa na viumbe hai wadogo, na viumbe hao wana chakula wanachokiweza na wasichokiweza, wana joto wanalolitaka, wanahitaji maji, na wengi wao wanahitaji hewa. Ukiuliza kitu kimetengenezwa kwa nini, umeuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki, ambayo ndiyo nzito, ni kitu hicho kikishatumika kitafikia wapi, na huko kuna nani wa kukila.

## Jina moja, mambo mawili

Tuanze na plastiki yenyewe. Ukiichunguza kwa undani, plastiki yoyote ni nyuzi ndefu mno za molekuli, yaani vipande vidogo kabisa vya dutu, vilivyoungana kimoja baada ya kingine kama shanga zilizotungwa. Uzi wa namna hiyo huitwa polima. Polima hazikuanza na viwanda: wanga ulio ndani ya ugali ni polima, pamba ni polima, nywele na kucha ni polima. Kilichofanywa na viwanda ni kuziunda polima mpya, nyingi kutokana na mafuta ya petroli na gesi asilia, zikawa nyepesi, zisizopitisha maji, na za bei nafuu kuliko chochote kilichozitangulia.

Neno bioplastiki hutumika kwa mambo mawili. La kwanza ni asili: plastiki iliyotokana na mimea au viumbe hai wengine badala ya petroli. La pili ni mwisho: plastiki inayoweza kuliwa na bakteria na kuvu ikarudi kuwa maji, hewa ya kaboni dioksaidi na udongo. Msikiaji hudhani mambo haya mawili hufuatana, kwamba kilichotoka shambani lazima kitarudi shambani. Hayafuatani. Ukiyapanga pamoja unapata makundi manne:

- Imetoka kwenye mimea, haiozi. Mwaka 2010 kampuni ya Braskem ya Brazil ilianza kutengeneza polietilini kwa miwa. Polietilini ndiyo plastiki ya ile mifuko laini ambayo Tanzania huitwa rambo na Kenya juala. Polietilini ya miwa na ya petroli zina molekuli zilezile. Bakteria hawezi kuzitofautisha.
- Imetoka kwenye mimea, inaweza kuoza. Hapa kuna plastiki za wanga, na kuna asidi ya polilaktiki, ambayo viwanda huiandika PLA. Sukari ya mahindi huchachushwa na bakteria ikawa asidi ya laktiki, ileile inayoyapa maziwa ya mgando uchachu wake, kisha asidi hiyo huunganishwa ikawa polima.
- Imetoka kwenye petroli, inaweza kuoza. Mfano ni plastiki iitwayo PBAT, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani imekuwa ikiiuza tangu 1998. Asili yake ni petroli kwa sehemu kubwa, na bado vijidudu vinaiweza.
- Imetoka kwenye petroli, haiozi. Hili ndilo kundi la plastiki karibu zote tunazozijua: ndoo, mabomba, chupa, kandambili.

Kundi la tatu huwashangaza wengi, lakini halina miujiza. Mafuta ya petroli nayo yalikuwa viumbe hai, hasa mimea na wanyama wadogo mno wa baharini waliokufa na kufukiwa na matope mamilioni ya miaka iliyopita. Kama asili peke yake ingetosha kukifanya kitu kioze, basi plastiki yote duniani ingeoza, maana yote ina ukoo wa kiumbe hai. Vivyo hivyo, sura ya kitu haithibitishi kitu. Mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya mwaka 2019 inafanana na kitambaa, ina mishikio kama ya kikapu, na watu wengi huiita mifuko ya nguo. Imetengenezwa kwa polipropilini, ndugu wa karibu wa polietilini. Faida yake ni kwamba hutumika mara nyingi. Ikitupwa, haina tofauti kubwa na ile iliyokatazwa.

Kwa ufupi: chanzo cha plastiki ni habari moja, mwisho wake ni habari nyingine. Ukitajiwa ya kwanza, bado hujaambiwa ya pili.

## Mlaji na chakula chake

Basi kinachoamua nini kinaliwa ni nini? Ni namna molekuli zilivyofungana. Mfano ulio karibu na kila jiko ni wanga na selulosi. Wanga ndio unga wa muhogo na mahindi. Selulosi ndiyo dutu inayojenga mbao, makuti na pamba. Polima zote mbili zimeundwa kwa kitu kimoja, sukari iitwayo glukosi, ila zimefungwa kwa mkao tofauti. Kwa sababu ya mkao huo tu, mtu akila ugali hushiba, na akila vumbi la mbao hapati kitu. Mwili wetu una vimeng'enya, yaani protini zinazokata molekuli nyingine, vya kuukata wanga. Vya kuikata selulosi hatuna. Ng'ombe hustawi kwa nyasi kwa kuwa tumboni mwake wamo vijidudu wenye vimeng'enya hivyo. Mchwa naye hula mbao kwa msaada kama huo.

Asili imekuwa na muda mrefu mno wa kuandaa walaji wa wanga na selulosi. Polietilini kama tuijuavyo haikuwapo mpaka mwaka 1933, ilipogunduliwa kwa bahati kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Uti wake ni kaboni iliyofungwa kwa kaboni mwanzo hadi mwisho, bila kiungo ambacho maji au kimeng'enya cha kawaida kinaweza kukishika na kukikata. PLA na PBAT zina viungo vya aina nyingine, viitwavyo esta, ambavyo maji huweza kuvilegeza na vimeng'enya huweza kuvikata. Ipo pia polima ambayo bakteria wenyewe huitengeneza na kuihifadhi mwilini kama akiba ya siku za njaa, jinsi wanyama wanavyoweka mafuta. Mfaransa Maurice Lemoigne, wa Taasisi ya Pasteur, aliieleza mwaka 1926, na leo jamii yake huitwa PHA. Kwa kuwa bakteria huiweka ili baadaye waile, walaji wake wametapakaa kote, hata baharini. Kikwazo chake kikubwa kimekuwa bei.

Vipi kuhusu muhogo wenyewe? Mchanganyiko wake hauna siri. Wanga wa muhogo ukikorogwa kwa maji, siki kidogo na glisirini, ukapashwa moto taratibu, hufika wakati ule ujiuji mweupe ukaanza kunata na kuangaza. Hapo chembe za wanga zimefyonza maji, zimevimba na kupasuka, na nyuzi zake zimeachiana. Ukiutandaza kwenye sinia na kuuacha ukauke, unapata utando mwembamba unaokunjika. Kinachoukunjisha ni glisirini, maana bila hiyo utando hukatika kama papadi. Utando huo huoza upesi ardhini. Udhaifu wake ni uleule wa sifa yake: unayapenda maji. Ukitia humo samaki wabichi kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, utalegea kabla hujafika kituo cha daladala.

Kwa sababu hiyo mifuko mingi ya wanga inayouzwa duniani huchanganywa na PBAT au polima nyingine inayostahimili maji. Mnunuzi anayeambiwa "mfuko wa muhogo" huenda ameshika mfuko wenye sehemu kubwa ya petroli, na hapo hakuna udanganyifu ikiwa mchanganyiko wote unaweza kuliwa. Udanganyifu huanza pale wanga unapochanganywa na polietilini ya kawaida. Vijidudu hula wanga na kuacha mfuko uliojaa vitundu, ambao husambaratika ukawa vipande visivyoonekana vizuri kwa macho. Kusambaratika kwa namna hiyo ni kutawanyika tu. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kuanzia Julai 2021, plastiki zilizotiwa kemikali za kuzifanya zivunjike upesi juani: zilikuwa zikitoweka machoni na kubaki kwenye udongo.

Kwa ufupi: kitu huoza ikiwa molekuli zake zina viungo ambavyo kiumbe fulani anaweza kuvikata na kuvila. Kuvunjika vipande hakutoshi.

## Makumbi ya Unguja na kiwanda cha mboji

Hata chakula kinacholika hakiliwi kila mahali. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga na tope la ufuo, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakagandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na bahari. Hukaa humo miezi mingi. Yakifukuliwa ni meusi, yana harufu nzito, na yamelainika kiasi kwamba yakipondwa kwa gongo ile nyama ya kumbi huondoka na maji, ukabaki usumba, yaani nyuzi za rangi ya dhahabu ambazo husuguliwa na kusokotwa kuwa kamba. Kilichotokea chini ya tope ni kwamba bakteria wamekula gundi laini iliyozishika nyuzi, na wameshindwa nyuzi zenyewe kwa kuwa zina lignini nyingi, ile dutu ngumu inayoupa mti ukakamavu wake. Kamba hizo za usumba ndizo zilizoshona mitepe, majahazi ya kale ya pwani yaliyosafiri bila msumari.

Sasa chukua kumbi hilohilo ukaliweke juu ya dari kavu: utalikuta vilevile baada ya miaka, tayari kuwashia moto. Litupe kwenye shamba lenye unyevu, kivuli na kuvu: litaisha lote, nyuzi na nyama, kwa kuwa wapo kuvu wanaoiweza lignini mahali penye hewa. Kumbi ni moja, na miisho ni mitatu. Mafundi wa kamba walijifunza kuuchagua mwisho wanaoutaka kwa kuchagua mahali, maji na muda. Bioplastiki hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa wauzaji wake mara nyingi hutaja kumbi na kusahau tope.

PLA ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kikombe cha PLA huoza vizuri katika kiwanda cha mboji, yaani mahali ambapo mabaki ya chakula na majani hulundikwa, hugeuzwa ili yapate hewa, na kuachwa yapande joto mpaka nyuzi 60 hivi za Selisiasi. Kwenye joto hilo polima hulegea, maji hupenya na kukata viungo, kisha bakteria huimalizia. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13432, ambacho vifungashio vingi vinavyoandikwa "vinafaa kwa mboji" hupimwa nacho, kinadai mambo hayohayo: kwa joto la takriban nyuzi 58, sehemu kubwa ya kaboni ya kitu, asilimia 90, iwe imegeuka kaboni dioksaidi ndani ya miezi sita, na ndani ya wiki 12 kiwe kimevunjika kiasi cha kupenya chekecheke lenye matundu ya milimita mbili. Hayo ni masharti ya kiwandani. Udongo wa shambani haufiki nyuzi 58, na Bahari ya Hindi haifiki kamwe. Kikombe cha PLA kilichoangukia mkokoni kitakaa humo muda mrefu kama kikombe chochote cha plastiki.

Ushahidi wa vitendo upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichukua mifuko ya aina tano waliyoipata madukani. Mingine waliifukia, mingine waliizamisha baharini, mingine waliitundika nje. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2019 ni funzo zuri. Baada ya miaka mitatu, mfuko uliouzwa kwa jina la kuoza ulifukuliwa na ukaweza kubeba bidhaa za dukani bila kupasuka. Mfuko uliothibitishwa kufaa kwa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini ardhini bado ulikuwapo baada ya miezi 27, ingawa ulichanika ulipobebeshwa mzigo. Iliyoachwa juani yote ilivunjika vipande ndani ya miezi tisa. Mfuko mmoja ulipata hukumu tofauti kwa kubadilishiwa mahali tu.

Tuje kwenye dampo, ambako ndiko takataka zetu nyingi huishia: Pugu Kinyamwezi kwa Dar es Salaam, Dandora kwa Nairobi. Mtu anaweza kudhani kwamba dampo, kwa harufu yake, ni mahali pazuri pa kuozea. Ni pazuri kwa namna mbaya. Ndani ya lundo hewa haiingii, na wanaosalia kufanya kazi ni bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao hutoa methani, gesi inayozuia joto angani zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka mia moja. Wanga na karatasi zikifika huko huongeza gesi hiyo. PLA nayo, kwa kukosa joto na unyevu wa kutosha, hukaa kimya. Hakuna mojawapo lililoahidiwa kwenye lebo.

Kwa ufupi: cheti cha kuoza hueleza mahali, joto na muda. Kikitolewa nje ya masharti hayo, hakina thamani.

## Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza lina nguvu: hata kama polietilini ya miwa haiozi, si bora kuliko ya petroli? Kwa upande mmoja, ndiyo. Muwa ulivuta kaboni yake kutoka hewani juzi, ilhali petroli hutoa kaboni iliyokuwa imelala ardhini tangu zama za kale. Faida hiyo ni ya tabianchi, na ipimwe kwa mizani ya tabianchi, pamoja na mbolea, dizeli na maji yaliyotumika shambani. Ni makosa kuihamishia kwenye tatizo la mitaro kuziba, kwa kuwa mtaro wa Msimbazi, Dar es Salaam, hauulizi mfuko umetoka Brazil au Ghuba.

La pili ni la njaa: yawezekanaje tugeuze chakula kuwa mifuko? Kwa sasa kiasi ni kidogo. Dunia hutengeneza takriban tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka, na bioplastiki za aina zote ni kama asilimia moja au chini yake. Ardhi inayotumika haifiki sehemu moja ya elfu ya ardhi ya kilimo. Lakini hesabu hiyo inafariji kwa sababu tu bioplastiki ni chache. Tukitaka kuzibadilisha plastiki zote kwa mahindi na miwa, swali la chakula litarudi na meno. Njia ya busara ni kutumia kisicholiwa. Jani la mkonge hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito wake, na yanayobaki kwa miaka mingi yalitupwa tu, mpaka shamba la Hale, Tanga, likajengewa mtambo wa kuyageuza gesi ya kuzalisha umeme. Naivasha, Kenya, wapo wanaotengeneza vifungashio kwa gugumaji linaloziba ziwa. Mabaki ya namna hiyo hayagombanii sahani na mtu.

La tatu ni la wenye matumaini: viumbe watajifunza, tuwape muda. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza bakteria aliyepatikana karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa mjini Sakai, anayeweza kula plastiki ya chupa za maji. Ni habari ya kweli na ya kuvutia. Hata hivyo plastiki ya chupa ina viungo vya esta, vile vinavyokatika. Utando mwembamba aliopewa ulimchukua wiki kadhaa maabarani. Na polietilini na polipropilini hazina viungo hivyo. Kumngojea kiumbe atakayezila kwa kasi tunayozitupa ni kungoja embe chini ya mnazi.

La nne ndilo linalokaribia zaidi hoja ya sura hii: kwa nini tuhangaike na maabara, ilhali tunavyo vikapu vya ukili, majani ya mgomba na magunia ya katani? Panapofaa, virudi. Inafaa pia kukumbuka kwa nini viliondoka. Miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, sehemu kubwa ikienda kufungia majani ya mifugo Ulaya na Marekani. Kamba ya polipropilini ilipoingia sokoni, ilisifiwa kwa kuwa nyepesi, rahisi, na isiyooza. Mkonge haukushindwa na kitu hicho peke yake, lakini kilichangia. Kutooza kulikuwa sifa, na mahali pengine bado ni sifa. Bomba la maji lisilooza ni bomba zuri. Waya wa umeme ukilika na kuvu ni hatari. Bomba la sindano hospitalini linahitaji kuwa safi, si kuwa chakula cha bakteria.

Kutokana na jibu hili tunapata mgawanyo ulio na manufaa. Vitu vya kukaa muda mrefu vitengenezwe vidumu, kisha vikusanywe na kurejelezwa kwa kuyeyushwa upya. Jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 likiwa limeundwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya kandambili, lilionyesha kwamba hata fundi wa ngalawa anaweza kuingia katika mzunguko huo. Vitu vya kutumika saa moja, hasa vinavyochafuliwa na chakula au udongo kiasi kwamba havisafishiki, ndivyo vinavyofaa kurudi katika mzunguko wa asili. Tatizo letu la nusu karne limekuwa kutengeneza vitu vya saa moja kwa dutu ya karne nyingi.

## Pale bioplastiki inapostahili

Ukiufuata mgawanyo huo, matumizi yanayostahili yanajitokeza yenyewe, nayo ni machache kuliko matangazo yanavyodai. La kwanza ni viriba vya miche. Kila msimu bustani za miche hujaza udongo kwenye viriba vya nailoni nyeusi. Mche ukipandwa kiriba huchanwa na kuachwa palepale shambani, au mbaya zaidi huzikwa pamoja na mizizi ikajikunja ndani. Kiriba kinachooza kwenye udongo wa kawaida, bila kungoja nyuzi 58, kina mahali pake tayari: kimezungukwa na walaji wake tangu siku ya kwanza. La pili ni nailoni ya kutandazia matuta ya mboga, ambayo huchanika na haiokotwi yote. La tatu ni mfuko wa kukusanyia mabaki ya chakula, kwa sharti kwamba mabaki hayo yanakwenda kwenye mboji.

Sharti hilo limetimizwa mjini Milan. Italia ilikataza mifuko ya kawaida ya plastiki mwaka 2011 na kuacha ile ifaayo kwa mboji. Kuanzia mwaka 2012 jiji la Milan lilianza kukusanya mabaki ya chakula nyumba kwa nyumba, na kufikia 2014 jiji lote lilikuwa limeingia katika mpango. Mfuko wa dukani hugeuka kuwa mfuko wa maganda. Gari maalumu hupita. Mzigo hufikishwa kwenye mtambo unaotoa gesi na mboji. Vyaelea, vimeundwa. Kilichofanya bioplastiki ifae pale ni ratiba ya magari, ndoo jikoni, kiwanda cha kupokea, na mkulima wa kuichukua mboji. Mfuko uleule ukiletwa mahali ambapo vyote vinatupwa kwenye lundo moja, ni mfuko wa bei ghali tu.

Kwa hiyo mnunuzi, mwenye duka au afisa ununuzi wa halmashauri anayeletewa bidhaa inayoitwa bioplastiki ana haki ya kumuuliza muuzaji maswali manne, kwa mpangilio huu:

1. Inaoza wapi: kiwandani kwa mboji, kwenye udongo wa kawaida, au baharini?
2. Inaoza kwa muda gani na joto gani, na ni kiwango kipi kilichopima hayo?
3. Imechanganywa na nini? Je, mchanganyiko wote unaliwa, au sehemu tu?
4. Hapa tulipo, mahali hapo panapotajwa papo, na nani huifikisha huko?

Muuzaji akijibu matatu ya kwanza na kukwama kwenye la nne, kosa huenda si lake. Swali la nne ni letu na halmashauri zetu. Katika miji ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wa takataka ni mabaki ya chakula na mimea, na sehemu kubwa yake hutoka mahali palepale kila siku, masokoni na kwenye migahawa: mashina ya ndizi na maganda ya muhogo. Huo ni utajiri unaoharibiwa kwa kuchanganywa na chupa na viatu. Kuutenga hakuhitaji polima mpya wala mtaalamu kutoka nje. Kunahitaji ndoo mbili kwenye kila kizimba cha soko, mkokoteni unaokwenda njia mbili, na kiwanja chenye paa ambapo lundo linageuzwa na kupimwa joto. Halmashauri itakayoanza na hayo itapata mboji hata kama haitanunua bioplastiki hata moja. Itakayoanza na bioplastiki bila hayo itakuwa imebadilisha lebo ya takataka, na dampo litabaki lilelile.